Henry Fleuss: Baharia Aliyefundisha Watu Kupumua Hewa Ileile Mara Mbili

Kama umekulia Budalang'i, hii picha unaijua. Mvua inapiga mbali huko Cherangani na Mlima Elgon, wewe huku uko kwenye jua kali unakula zako samaki. Siku chache baadaye Nzoia inafika imefura, tuta linapasuka, shamba la mahindi linageuka ziwa, na watu wanabeba magodoro kwenda kulala shuleni. Mwaka 2020 ndio ilikuwa noma zaidi, juu Ziwa Victoria lenyewe lilipanda mpaka likavunja rekodi. Wasee wa Bunyala wakajikuta maji yanawajia mbele na nyuma.

Halafu kuna ile siku mtu anazama. Boti imepinduka, ama mtoto ameteleza ukingoni. Serikali iko njiani, na si unajua hiyo njia huwa ndefu. Kwa hivyo vijana wa hapo hapo wanavua mashati. Mmoja anavuta pumzi, anazama. Hana mtungi, hana miwani, hana kitu isipokuwa mapafu yake, na kamba kiunoni akiwa na bahati. Huko chini ni tope tupu, anapapasa na hata mkono wake hauoni. Dakika moja, ikizidi sana mbili, anatoka juu akitweta. Anapumua mara tatu nne, anarudi.

Hiyo dakika moja ndiyo stori ya leo. Kuna jamaa aliamua kuirefusha mpaka ikawa karibu masaa matatu, na alifanya hivyo zaidi ya miaka 20 kabla reli haijafika Kisumu. Alikuwa anaitwa Henry Albert Fleuss. Wapiga mbizi dunia nzima wanamheshimu kama mzee wa kwanza wa ile mashine inayokuwezesha kupumua hewa yako mwenyewe tena na tena chini ya maji, bila hosi na bila kutoa mapovu. Huku kwetu hatumjui. Leo tumjue.

Msee wa meli, si msee wa maabara

Fleuss alizaliwa tarehe 13 Juni 1851 huko Marlborough, Wiltshire, Uingereza. Cha kuchekesha ni kwamba Marlborough iko ndani ya nchi, mbali na bahari. Lakini kijana akaenda zake baharini akawa baharia wa meli za biashara. Usidhani alikuwa profesa mwenye koti jeupe. Alikuwa mtu wa kazi za meli ambaye kuna kitu kilimkaa kichwani kikakataa kutoka.

Enzi zake, ukitaka kufanya kazi chini ya maji ulivalishwa suti nzito, helmeti ya shaba kichwani na viatu vyenye risasi miguuni ili usielee. Hewa ilikuja kwa hosi kutoka juu, ambako wasee walikuwa wanazungusha pampu kwa mkono bila kuchoka. Wakichoka, shauri yako. Hosi ikinaswa kwenye jiwe ama mbao, shauri yako pia. Mpiga mbizi alikuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba: anakula majani mpaka kamba inapoishia.

Fleuss alitaka kukata hiyo kamba. Na ili uelewe vile alifanya, lazima tuongee kidogo kuhusu pumzi.

Chapo nne, unakula moja

Hewa unayovuta sasa hivi ina oksijeni karibu asilimia 21. Ukiitoa, bado imebaki na karibu asilimia 16. Yaani mwili wako umetumia kama robo tu, halafu umetupa zingine. Ni kama kununua chapo nne, unakula moja, tatu unarushia mbwa. Ukiwa umetulia tu, mwili unahitaji karibu robo lita ya oksijeni safi kwa dakika. Ni kidogo sana.

Sasa mbona usijifungie hewa kwenye mfuko upumue hiyo hiyo mpaka uimalize? Jaribu kupumua ndani ya karatasi ya nailoni (ama usijaribu, chukua tu neno langu) na utaona. Shida inayokuja mbio si oksijeni kuisha. Ni uchafu unaotoa, kaboni dayoksaidi. Ikijaa, kifua kinakaza, kichwa kinapiga, unatamani hewa kama mtu aliyekimbizwa na fahali.

Kwa hivyo hesabu ina sehemu mbili. Moja, toa uchafu. Mbili, rudisha oksijeni kidogo kidogo kulingana na ile unatumia. Ukiweza hizo mbili, pumzi moja inazunguka na kuzunguka kama maji ya radieta.

Fleuss hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Unamkumbuka Schwann wa somo la baiolojia, yule wa nadharia ya seli ulikariri ukiwa kidato cha kwanza? Huyo Mjerumani, Theodor Schwann, alikuwa ameunda kifaa cha namna hiyo miaka ya 1850 kwa ajili ya kuokoa watu migodini, na kikaonyeshwa Paris mwaka 1878. Wengine pia walijaribu. Lakini kuwaza na kuingia majini ni vitu viwili. Aliyefanya kifaa kikafanya kazi kweli kweli chini ya maji ni huyu baharia.

Mwaka 1878 Fleuss alichukua hataza ya mashine yake. Ukiiangalia leo unaweza kucheka. Maski ya mpira usoni. Mfuko wa kupumulia. Mtungi wa shaba wenye oksijeni iliyoshindiliwa. Na sehemu ya kusafisha? Nyuzi za kamba zilizoloweshwa kwenye magadi makali ya potasiamu. Ukitoa pumzi, inapita kwenye zile nyuzi, magadi yanakula kaboni dayoksaidi, pumzi inarudi mfukoni ikiwa safi. Ni kamba na magadi, vitu ambavyo baharia yeyote angeviona kila siku. Lakini vilimpa karibu masaa matatu.

Mjaribuji ni mwenyewe

Sasa nani anajaribu mashine ambayo ikikosea unadedi? Fleuss alijijaribia mwenyewe. Mwaka 1879 aliingia kwenye tangi la maji akakaa humo saa nzima. Akatoka fiti. Wiki moja baadaye akaenda maji ya wazi, akashuka mita 5.5.

Hapo mambo yaliharibika kidogo. Wasaidizi wake walimvuta juu ghafla, akaumia. Leo kila mwanafunzi wa kupiga mbizi anafundishwa kwa nini: hewa iliyobanwa na maji inapanuka unapopanda, na ukipandishwa mbio mapafu yanaweza kupasuka kama puto. Wakati huo wengi hawakuwa wanajua. Fleuss alijifunza kwa kifua chake.

Kulikuwa na hatari nyingine amejificha nayo bila kuijua. Alikuwa anapumua oksijeni nyingi kuliko ya hewa ya kawaida, na oksijeni nyingi ni rafiki wa juu juu tu. Ukishuka nayo, shinikizo la maji linaigeuza sumu ya ubongo. Unaanza kutetemeka kama mwenye kifafa, na hicho ni kifo ukiwa majini. Mwanasayansi Mfaransa, Paul Bert, alikuwa ameshaandika kuhusu jambo hilo mwaka huo huo wa 1878. Siku hizi wapiga mbizi wa oksijeni tupu huambiwa wasipite takriban mita 6. Fleuss alisimama kwenye 5.5. Bahati ya mtende.

Na kuna ya tatu, ambayo ndiyo inaua kimyakimya mpaka leo. Kile kinachokufanya uhisi unakosa hewa ni kaboni dayoksaidi. Kwa mashine ya Fleuss hiyo imeshatolewa. Kwa hivyo oksijeni ikiisha, husikii kitu. Hutapatapi, huoni dalili. Unazimika tu kama simu iliyoisha chaji. Mashine inayokupa uhai ndiyo hiyo hiyo inakunyima kengele.

Siku Fleuss alirudi nyuma

Sasa tufike kwenye tukio lililompa jina. Mwaka 1873 kampuni ya reli ya Great Western ilianza kuchimba handaki la treni la kilomita 7 chini ya mto Severn, kati ya Uingereza na Wales. Oktoba 1879 wachimbaji walitoboa chemchemi kubwa chini ya ardhi. Maji yakaingia kwa fujo, watu wakatoka mbio. Kwenye hizo mbio, mlango wa chuma ambao ungezuia maji uliachwa wazi. Handaki likajaa. Mradi ukasimama.

Pampu zilivuta na kuvuta, lakini haingewezekana kulikausha bila mtu kwenda kufunga ule mlango. Nao ulikuwa zaidi ya mita 300 ndani ya giza, kwenye njia nyembamba iliyojaa maji, vifaa vilivyotupwa na mawe.

Mkandarasi Thomas Walker alikuwa na mpiga mbizi mmoja mkali sana, Alexander Lambert. Lambert aliingia na suti ya kawaida, wenzake wakimsukumia hosi kutoka nyuma. Lakini hosi yenye hewa inaelea. Ikapanda ikajibandika kwenye dari, ikakwaruza, ikawa nzito. Lambert alivuta mpaka nguvu zikaisha, mlango ukiwa bado mbele yake. Akalazimika kurudi, akikusanya hosi yake njiani isije ikamfunga.

Hapo ndipo Fleuss akaitwa. Mashine bila hosi, kazi inayokataa hosi. Ni kama ilikuwa imeandikwa. Fleuss akaja, akavaa kifaa chake mwenyewe, akashuka. Na akarudi. Alijaribu, lakini hakufika. Alikuwa mvumbuzi, si mpiga mbizi wa kazi ngumu, na lile giza lilikuwa giza la wenyewe.

Fikiria hiyo aibu. Umealikwa uokoe mradi mkubwa wa taifa, mashine ni yako, jina ni lako, na miguu imekataa. Msee mwingine angefunga mzigo wake aende nyumbani, aseme hali haikuwa nzuri. Fleuss alifanya kitu kingine: alimpa Lambert mashine.

Lambert hakuwa ameizoea. Lakini mnamo Novemba 1880 aliivaa na kuingia. Safari ya kwanza alifika mlangoni, akakuta reli ndogo za vitoroli zinapita kwenye kizingiti kwa hivyo mlango haungefungika. Akang'oa moja, ya pili ikakataa, akarudi. Akaingia tena na mtaimbo. Zaidi ya saa moja peke yake gizani, bila hosi, bila mtu wa kuongea naye, akisikia pumzi yake tu inaingia na kutoka mfukoni. Akang'oa reli ya pili. Akafunga mlango. Akazungusha vali kama alivyoagizwa, akatoka.

Na hapa kuna utamu. Baadaye maji yalipopungua, waligundua kwamba skrubu ya ile vali ilikuwa imetengenezwa kuzunguka kinyume. Vali ilikuwa imefungwa tangu mwanzo, na Lambert, kwa kufuata maagizo, alikuwa ameifungua! Lakini mlango wenyewe ulishikilia, pampu zikashinda maji, na treni za abiria zikaanza kupita humo mwaka 1886. Zinapita mpaka leo.

Migodini, nyambizi, na mzee aliyeishi kuona

Baada ya Severn, mashine ya Fleuss ilipelekwa migodini. Mgodi wa makaa ukilipuka, hewa inajaa gesi za sumu, na kuingia kuokoa watu ni kama kupiga mbizi pasipo maji. Waokoaji wakaanza kuvaa kifaa chake.

Fleuss mwenyewe hakukaa na wazo moja. Alitengeneza pampu ya kunyonya hewa iliyoitwa Geryk, ambayo ilitumika kutoa hewa ndani ya balbu za umeme. Cheki huyo mtu: upande mmoja anahangaika vile hewa itakaa, upande mwingine anahangaika vile itatoka.

Miaka ya mwanzo ya 1900 alishirikiana na Robert Davis wa kampuni ya Siebe Gorman kuiboresha mashine. Kutoka hapo kikaja kifaa cha Proto cha waokoaji wa migodini, ambacho pia kilivaliwa na wachimba mahandaki wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Davis akaendelea mpaka akaunda kifaa kidogo cha kuwatoa mabaharia kwenye nyambizi iliyozama. Juni 1931 nyambizi ya Waingereza, Poseidon, iligongwa na meli karibu na pwani ya Uchina ikaenda chini. Mabaharia kadhaa waliokuwa wamefungiwa ndani walivaa hivyo vifaa, wakafungua mlango wa juu na kupanda hadi kwenye jua.

Fleuss alikuwa bado hai. Alikuwa mzee wa miaka 79, karibu 80. Wazo lililoanza na kamba na magadi lilikuwa limetoa watu ndani ya kaburi la chuma. Alifariki tarehe 6 Januari 1933, akiwa na miaka 81.

Kilichofuata hakukiona. Desemba 1941, Waitaliano sita wenye vifaa vya oksijeni visivyotoa mapovu waliingia bandari ya Alexandria, Misri, usiku, wakaharibu manowari mbili kubwa za Waingereza. Mwaka 1968 Mmarekani Walter Starck akatoa Electrolung, mashine yenye vihisi vya umeme vinavyopima oksijeni na kuiongeza vyenyewe, ikichanganywa na gesi nyingine ili mtu aweze kushuka mbali bila kutiwa sumu. Ile kengele ambayo Fleuss hakuwa nayo ikawa imepatikana.

Kutoka Severn mpaka Zanzibar

Usifikiri hii ni stori ya wazungu na baridi yao. Mwaka 2019 wanasayansi walitangaza samaki mpya kutoka maji ya Zanzibar, anayeishi kina cha kati ya mita 50 na 80, ambako mpiga mbizi wa kawaida hafiki kirahisi. Ana rangi ya zambarau inayong'aa, na wakamwita Cirrhilabrus wakanda, kwa heshima ya ile Wakanda ya Black Panther. Ndiyo, umesoma vizuri. Samaki wa Wakanda anatoka Bahari ya Hindi yetu, na waliofika huko walikuwa wamevaa wajukuu wa mashine ya Fleuss.

Na ikiwa bado unaona ni mambo ya mbali, muulize mtu yeyote aliyefanyiwa upasuaji akiwa amelazwa usingizi. Mashine nyingi za nusukaputi zina mkebe wa punje za chokaa zinazosafisha pumzi yako ili uivute tena. Punje nyingine hubadilika rangi kutoka nyeupe hadi zambarau zikichoka, daktari ajue kubadilisha. Ni hesabu ile ile: toa uchafu, rudisha oksijeni. Pengine mathe wako ameshapumua kwa akili ya Fleuss na hajui.

Lambert tunao

Sasa turudi ziwani. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, kwenye Ziwa Victoria hili hili linalolamba Port Victoria. Zaidi ya watu 800 walikufa. Kuna waliokuwa hai ndani ya tumbo la meli iliyogeuka, kwenye hewa iliyobanwa humo, wakigonga chuma. Waokoaji wakatoboa wawafikie. Kwa lile tundu hewa ikatoka, na meli ikazama. Pumzi ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mwenye kifaa na mafunzo ya kuwaendea kwa chini.

Tuseme ukweli: mashine ya Fleuss, hata ya kisasa, si dawa ya Nzoia kesho asubuhi. Ni ganji nyingi, inataka mafunzo ya muda mrefu, na ukikosea inakuzima bila kukuaga. Vijana wanaozama kule Budalang'i wangefurahi kwanza na vitu vidogo: miwani, kamba nzuri, mitungi ya kawaida, mwalimu, na maboya ya kuvaa kwa kila anayepanda boti. Hivyo vyote vipo duniani. Vingine vinauzwa Nairobi.

Lakini ukiangalia maisha ya huyu mzee, kitu kikubwa alichofanya si kamba na magadi. Ni kile cha siku ile pale Severn. Alijua hana moyo wa kuingia lile giza, akamwona mwenye nao, akamkabidhi kifaa. Lambert peke yake alishindwa. Fleuss peke yake alishindwa. Walipokutana, mlango ukafungwa.

Huku kwetu Lambert tunao tele. Ni yule kijana anayevua shati ukingoni na kuvuta pumzi moja kwa ajili ya mtoto wa mtu asiyemjua. Anayekosekana ni wa kusimama nyuma yake na kumpa kitu cha kupumulia. Mvua za Cherangani zitarudi tu, na yeye ataingia tena majini na ile dakika yake moja.